Maisha ya Nahodha William Owen, Aliyepima Bahari ya Pemba

Mtoto wa Pemba aonyeshwapo ramani ya kisiwa chake kwa mara ya kwanza, hustaajabu. Hudhani kisiwa ni kitu cha mviringo kama sahani. Kumbe aona upande wa mashariki umenyooka, na upande wa magharibi umekatika-katika kama nguo iliyoliwa na panya, hori baada ya hori, rasi baada ya rasi, na visiwa vidogo vimejipanga mbele yake: Njao, Fundo, Uvinje, Kokota na Misali. Kisha huuliza: Nani aliyeyaona haya yote, asiye ndege? Alijuaje kina cha maji, naye hakuzama?

Swali hili ni jema, na mwalimu asilipuuze. Ramani haikushuka kutoka mbinguni. Imefanywa na watu, na wengi wao walikufa katika kuifanya. Miongoni mwa wa kwanza walioipima pwani yetu yote kwa vyombo vya elimu alikuwa Nahodha William Fitzwilliam Owen, wa manowari za Kiingereza. Habari zake yafaa zijulikane katika Pemba kuliko mahali pengine, kwa kuwa alifanya mambo mawili juu ya kisiwa hiki. Aliipima bahari yake. Na tena alikitoa kisiwa chenyewe kwa ahadi, hali hakikuwa chake. Jambo la kwanza lilisimama, la pili lilianguka.

Utoto wake

Owen alizaliwa katika mji wa Manchester, Uingereza, mwaka 1774. Baba yake, aliyeitwa William Owen pia, alikuwa nahodha wa manowari. Baba huyo alikufa Bara Hindi mwaka 1778, na mtoto akabaki yatima, angali mdogo sana. Akalelewa na watu wengine. Na rafiki wa baba yake, Sir Thomas Rich, aliyekuwa mkubwa wa manowari, akamtazama. Mwaka 1788, alipokuwa na umri wa miaka 13, akaingizwa baharini. Hivyo merikebu ikawa nyumba yake na shule yake, na mabaharia wakawa ndugu zake.

Alikua mtu shujaa, mwenye bidii nyingi na mwenye kumcha Mungu. Walakini alikuwa mwepesi wa kukata shauri, na akisha kuliona jambo kuwa la haki, hakupenda kungoja ruhusa ya mtu. Wasomaji na waikumbuke tabia hii, kwani ndiyo iliyomletea sifa, na ndiyo iliyomletea aibu.

Mwaka 1808, katika vita vya Waingereza na Wafaransa, chombo chake kilikamatwa katika Bahari ya Hindi, akapelekwa kifungoni katika kisiwa cha Morisi. Huko akafahamiana na Matthew Flinders, yule aliyezipima pwani za Australia, aliyekuwa amezuiliwa na Wafaransa tangu mwaka 1803. Wote wawili walifunguliwa mwaka 1810. Vita vilipokwisha, Owen alitumwa kuyapima maziwa makuu ya Kanada, nchi ya kaskazini ambako maji huganda kwa baridi hata watu hutembea juu yake. Akatoka katika barafu ile akiwa fundi hasa wa kupima.

Jinsi bahari ilivyopimwa

Mpimaji wa siku zile hakuwa na ndege wala mashini za kusikiliza kina cha maji. Alikuwa na vitu vichache tu: dira, chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota, saa, mashua, na bildi.

Kwa kupima kimo cha jua saa sita mchana alijua yuko mbali kadiri gani na mstari wa Ikweta, kusini au kaskazini. Pemba iko nyuzi tano hivi kusini ya mstari huo. Kujua umbali wa mashariki na magharibi kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu kwahitaji saa isiyodanganya. Dunia huzunguka nyuzi 15 katika saa moja. Basi saa ikikosea kwa nukta nne tu, mahali pa kuandikwa kisiwa hukosewa kwa maili moja nzima ya baharini. Na maili moja yatosha kuipandisha merikebu mwambani usiku. Kwa hiyo merikebu ya mpimaji ilichukua saa nyingi, zikalinganishwa kila siku, na kutunzwa kuliko fedha.

Halafu mashua zilishushwa, mabaharia wakapiga makasia huku na huku kwa mistari, na mtu mmoja akasimama mbele akitupa bildi. Bildi ni risasi nzito iliyofungwa kamba yenye alama za pima. Chini yake hupakwa shahamu, ili ikigusa chini ya bahari irudi na kitu kilichoko: mchanga, tope, makombe au chembe za matumbawe. Hivyo nahodha ajaye hujua si kina tu, bali hata kama nanga itashika. Kila kipimo kikaandikwa pamoja na saa yake, kwa sababu maji hujaa na kupwa. Katika bahari ya Pemba, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huweza kufika mita nne hivi. Asiyeiondoa tofauti ile katika hesabu yake huandika uongo, hata kama bildi yake ilisema kweli.

Na kanuni yao kubwa ilikuwa hii: kisichopimwa kisiandikwe. Mahali wasipofika waliacha peupe.

Safari ya Afrika

Mwanzoni mwa mwaka 1822 Owen aliondoka Uingereza na vyombo viwili, Leven alimosafiri mwenyewe, na Barracouta. Aliamriwa kuzipima pwani za Afrika ya mashariki, tangu kusini karibu na Rasi ya Tumaini Jema hata kaskazini, pamoja na Madagaska na visiwa vya bahari hii. Ramani zilizokuwapo zilikuwa za zamani, nyingi zimetoka kwa Wareno, na makosa yake yalikuwa mengi.

Ni kweli kwamba wenyeji waliyajua maji haya miaka mamia kabla yake. Manahodha wa majahazi walikwenda na kaskazi na kurudi na kusi, na wavuvi wa Fundo na Kojani waliujua kila mwamba kwa jina. Elimu yao ilikuwa vichwani mwao, baba akamwachia mwana. Kazi ya Owen haikuwa kuvumbua bahari isiyojulikana, bali kuitia katika karatasi elimu hiyo ipate kusomwa na mtu asiyepata kufika. Na majina yaliyoandikwa katika ramani za Pemba, Njao na Uvinje na Kigomasha, ni majina yaliyotoka vinywani mwa watu wa hapa.

Mito na homa

Amri za Owen zilikuwa kuangalia na midomo ya mito, maana mto ni njia ya kuingia bara. Hapo ndipo msiba ulipoanza. Katika ghuba ya Delagoa, ambako leo ni mji wa Maputo, mabaharia waliingia mitoni kwa mashua, wakalala ukingoni kwenye mikoko na matope. Baada ya siku chache wakaanza kutetemeka kwa homa. Wakafa maafisa, wakafa mabaharia, hata nahodha wa Barracouta, Cutfield, akafa. Na Vidal akatiwa mahali pake.

Mwaka 1823 watu watatu, Luteni Browne, daktari Kilpatrick, na kijana John Forbes aliyekuwa mkusanyaji wa mimea, walipelekwa kupanda Mto Zambezi. Forbes alikufa Sena katika mwezi wa Agosti mwaka ule, na wenzake wawili pia hawakurudi. Hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyeuona tena mwisho wa kazi aliyotumwa.

Watu wa zamani zile walidhani homa hutoka katika hewa mbaya ya matope. Madaktari waliwatoa wagonjwa damu, wakawapa dawa kali za kuharisha, na mtu aliyekwisha kudhoofika akazidi kudhoofika. Kwinini ilikwisha kupatikana katika maabara ya Ufaransa mwaka 1820, lakini haikuwa imeenea bado. Na jambo la kwamba malaria huchukuliwa na mbu halikuthibitishwa hata mwaka 1897, miaka 75 baada ya Leven kung'oa nanga. Basi wale mabaharia walikaa kando ya mto jioni, miili wazi, wakiogopa harufu ya tope. Na adui wao alikuwa akiimba masikioni mwao.

Kazi yote ilipokwisha mwaka 1826, zaidi ya nusu ya watu waliotoka Uingereza katika vyombo vile walikuwa wamekufa kwa maradhi. Wengi hawana kaburi lenye jina. Tunapoiona ramani ya pwani, na mstari mwembamba uonyeshao mdomo wa mto, yafaa tukumbuke kwamba mstari ule ulilipiwa.

Mombasa yaomba bendera

Sasa yatupasa kueleza jambo la pili, nalo ndilo linalomgusa Mpemba hasa.

Katika siku zile Mombasa ilitawaliwa na Wamazrui, nao kwa miaka mingi walikuwa na Pemba pia. Mombasa ilikula kwa mkono wa Pemba: mchele na vyakula vingine vilitoka huku. Lakini Seyyid Said bin Sultan wa Maskati alitaka pwani yote imtii, na yapata mwaka 1823 watu wake wakaitwaa Pemba. Wamazrui wakaona wamekatiwa chakula, wala hawana nguvu za kukirudisha kisiwa kwa vita. Wakafikiri: tukipata bendera ya Mwingereza, Seyyid hatathubutu kutugusa, na huenda Pemba ikarudi.

Barracouta ilipofika Mombasa katika Desemba 1823, waliomba bendera. Nahodha Vidal akakataa, kwa kuwa hakuwa na ruhusa. Walakini Wamazrui wakajishonea wenyewe bendera ya Kiingereza. Owen alipotia nanga na Leven tarehe 7 Februari 1824, aliikuta inapepea juu ya Ngome ya Yesu, na vyombo vya Seyyid vimekaa nje, tayari kwa mapigano.

Owen alikuwa ametoka Maskati. Huko alikuwa amemwambia Seyyid waziwazi kwamba watu wa Mombasa wakiomba ulinzi, yeye atautoa, apate njia ya kuikomesha biashara ya watumwa. Ni haki tuseme ukweli wa moyo wake. Mtu huyu alikuwa ameziona bandari za pwani hii, tangu Msumbiji, ambako wanadamu walitiwa merikebuni kama magunia. Aliichukia biashara hiyo kwa chuki ya mtu amchaye Mungu. Mwaka 1822 Seyyid Said alikuwa amekubali kwa mapatano watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Lakini kati ya Afrika na Arabuni biashara iliendelea. Owen akaona mlango umefunguliwa mbele yake, akaingia.

Tarehe 9 Februari mapatano yakaandikwa. Mombasa itakuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Wamazrui wataendelea kuitawala. Afisa wa Kiingereza atakaa mjini. Ushuru wa forodha utagawanywa nusu kwa nusu. Na biashara ya watumwa itakoma katika Mombasa. Na sharti moja lilikuwa hili, ambalo Wamazrui walilitazama kuliko yote: Waingereza watawarudishia mali zao za zamani, Pemba ikiwamo.

Tafadhali msomaji asimame hapa kidogo. Mtu yule ambaye hangeandika pima tatu mahali ambapo bildi haikugusa, aliandika kwamba atakitoa kisiwa kizima. Hakuwa na amri ya serikali yake. Hakuwa na askari wa kukitwaa. Seyyid Said alikuwa rafiki wa Waingereza kwa mapatano, na wakubwa wa Bombay walimhitaji. Nao Wapemba, ambao nchi ilikuwa yao, hawakuulizwa hata neno.

Owen akasafiri mpaka Pemba pamoja na Mbarak bin Ahmed, mmoja wa wakubwa wa Kimazrui, akamtaka liwali wa Seyyid akitoe kisiwa. Liwali akakataa, kwani hakuwa na amri ya bwana wake. Owen hakutaka kupiga vita. Akageuza merikebu, akaenda zake kuendelea na kazi yake ya kupima.

Bendera yashushwa

Mombasa aliachwa Luteni Reitz, afisa kijana, pamoja na watu wachache mno: mwanafunzi wa unahodha aitwaye Phillips, askari mmoja wa baharini, na mabaharia watatu. Hao ndio waliokuwa ufalme wa Uingereza katika pwani hii. Reitz hakukaa bure. Katika mwezi wa Mei alifunga safari ya kuutazama Mto Pangani, lakini homa ile ile ya mito ikamshika, akafa mwishoni mwa Mei 1824. Ghuba iliyo nyuma ya kisiwa cha Mombasa, ambako baadaye palijengwa bandari kubwa ya Kilindini jirani yake, ingali yaitwa kwa jina lake, Port Reitz.

Phillips akabaki hata Agosti, akaja Luteni Emery kushika mahali pake. Emery alikaa karibu miaka miwili. Watumwa walioletwa kinyume cha mapatano aliwaweka huru, wakapata mahali pa kulima. Na ngazi zishukazo baharini katika mji wa kale wa Mombasa zina jina la Leven mpaka leo. Lakini kila mwezi Wamazrui waliuliza neno moja: Pemba yetu iko wapi? Wao walikuwa wakitoa nusu ya ushuru kama walivyoahidi, wala hawakuona kisiwa. Emery hakuwa na la kuwajibu.

Huko London serikali ililitazama jambo hili, ikakataa kulithibitisha. Katika Julai 1826 bendera ikashushwa, na Emery akaondoka. Wamazrui wakaachwa peke yao mbele ya Seyyid Said, ambaye sasa alikuwa amewakasirikia zaidi. Alikuja na vyombo vyake mara baada ya mara, na mwaka 1837 akaitwaa Mombasa kabisa. Wakubwa wa Kimazrui wakakamatwa, wakasafirishwa mpaka Ghuba ya Uajemi, na huko wakafa. Pemba ikabaki chini ya Maskati, na baadaye chini ya Unguja.

Waliosema kwamba Owen alikuwa mdanganyifu, walikosea. Alikusudia kuitimiza ahadi yake, na aliwaandikia wakubwa wake akiitetea. Lakini wahenga wetu wamesema, ahadi ni deni. Na mwenye kukopa kwa jina la mtu mwingine huwaachia wenzake deni lisilolipika.

Faida ya ramani

Basi mapatano yalikufa, ramani zikaishi. Owen na watu wake walileta kwao ramani karibu 300, za pwani zipatazo maili 30,000. Manahodha walizitumia miaka mingi. Fungu la maji lililo kati ya Nungwi na Pemba, ambalo chombo cha kigeni chaweza kulifikia bila kujua, lachukua jina la Leven. Katika bara, Owen aliacha peupe. Naye aliyetaka kujua yaliyomo ndani ikambidi aende kwa miguu. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Rebmann akauona mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Kama nafasi ile ingalijazwa milima ya kubuni, kama walivyofanya waandishi wengi wa zamani, nani angalikwenda kutafuta?

Ramani zilikuwa na faida nyingine ambayo Owen hakuiona kwa macho yake. Mwaka 1872 tufani kubwa iliiangusha mikarafuu ya Unguja, ikaiacha ya Pemba. Mashamba ya Pemba yakawa na thamani kubwa, na wenye mashamba wakataka watumwa wengi zaidi. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Mahali pake Askofu Steere akajenga kanisa kuu. Lakini wenye majahazi waliendelea kuwavusha watu kwa siri kutoka Mrima mpaka hori za Pemba, maana mlango wa bahari ule si mpana, na mikoko huficha chombo vizuri.

Mashua za manowari zikafanya doria kati ya visiwa vile vile ambavyo wapimaji walikuwa wameviandika. Tarehe 3 Desemba 1881, Nahodha Brownrigg wa manowari London aliliendea jahazi moja karibu na Pemba, lililokuwa limetweka bendera ya Kifaransa na kubeba watumwa. Akauawa pamoja na baadhi ya watu wake. Mwaka 1897 Seyyid Hamud bin Muhammed alitoa amri kwamba sheria haitautambua tena utumwa katika Unguja na Pemba. Lile alilotaka Owen kulipata kwa mkataba wa siku moja lilichukua miaka 73, na kazi ya watu wengi.

Wengine waliingia katika kazi yake ya kupima pia. Katika miaka ya 1870 manowari Shearwater ya Nahodha Wharton ilizipima upya bahari za Unguja na pwani. Mwaka 1900 ulijengwa mnara wa taa katika Rasi ya Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ili chombo kitokacho mbali kijue mahali pa hatari. Halafu Kapteni Craster, mhandisi wa jeshi, akaja kupima nchi kavu ya kisiwa, vilima na vijito na njia zake, akatoa kitabu cha habari za Pemba mwaka 1913. Kila mmoja alikuta makosa katika kazi ya aliyemtangulia, akayasahihisha. Wala haikuwa aibu, kwa kuwa aliyetangulia alikuwa ameandika jinsi alivyopima, ili afuataye apate kumkosoa.

Mwisho wake

Owen hakuacha kupigana na biashara ya watumwa. Mwaka 1827 alitumwa Afrika ya magharibi, kuanzisha kituo katika kisiwa cha Fernando Po, na huko Waafrika waliotolewa katika merikebu za watumwa walipewa makao. Hapo tena alizidisha kuliko alivyoagizwa, na hapo tena homa iliwaua watu wake wengi.

Alipokuwa mzee alikwenda kukaa katika kisiwa kidogo kiitwacho Campobello, katika New Brunswick, Kanada, ambacho baba yake alikipata zamani. Watu wa hapo walikuwa wavuvi, wala hawakuwa na padre wa kukaa nao sikuzote. Naye mzee Owen akawaongoza mwenyewe katika sala. Hata hivyo kupima hakukumtoka moyoni. Alipokuwa na miaka karibu 70 alianza kuipima Ghuba ya Fundy, ambako maji hujaa na kupwa kuliko mahali pote duniani, akaifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1854 akapewa cheo cha makamu wa amirali, na tarehe 3 Novemba 1857 akafariki katika mji wa Saint John, ana umri wa miaka 83.

Tuyatie moyoni

Ndugu zangu, maisha ya mtu huyu hayafai kusomwa kwa kumsifu tu, wala kwa kumlaumu tu. Alikuwa na shabaha njema katika mambo yote mawili, ramani na mapatano. Lakini shabaha njema haikutosha. Katika ramani alijinyima: aliandika kilichoguswa na bildi, akaacha peupe palipobaki. Katika mapatano hakujinyima. Aliandika kile alichotamani kiwe. Watu wa Mombasa waliliamini karatasi lake kama mabaharia walivyoziamini ramani zake, nao wakapanda mwambani.

Sisi nasi, walimu na wazee wa kanisa na wazazi, twaandika katika mioyo ya watu kila siku. Twaahidi shule, twaahidi msaada, twaahidi kwa jina la wakubwa wetu mambo ambayo hatujaulizia. Kabla ya kutamka, tutupe bildi kwanza. Na pale tusipojua, tusione haya kuacha peupe.

Nanyi walimu wa Pemba nawaomba jambo moja. Siku ya maji kupwa, wachukueni watoto pwani, katika hori iliyo karibu na shule yenu, iwe ya Wete au Chake Chake au Mkoani. Wapeni kamba yenye mafundo na jiwe, wapime, waandike, wachore. Wakisha kuchora, mwiteni mvuvi mzee mmoja aitazame kazi yao, awaambie walipokosea.